Mahindi Yako Juu ya Moshi

Mama Ilunga,

Tangu utuache, moto wa jikoni hapa Katuba nauwasha mwenyewe, kwa ajili ya yale mahindi ya mbegu uliyoyatundika juu yake. Bila moshi, fukusi wangeyamaliza. Nimejifunza kupika bukari, ugali wetu, ili kuni zisiungue bure. Ungecheka.

Sasa nina neno. Mtoto wetu Ilunga amepanda kule Kasomeno, ng'ambo ya kijito, karibu kabisa na shamba lako, mbegu aliyoipata kwa mchuuzi mmoja. Ni nyekundu. Rangi hainitishi, ni dawa tu ya kuikinga. Nilichotaka kujua ni kama imebadilishwa ndani. Wataalamu huchukua kipande cha urithi wa bakteria fulani wa udongo, wakakipachika katika seli ya muhindi, ama kwa kumbebesha bakteria mwingine, ama kwa kukipiga ndani pamoja na vumbi laini la dhahabu. Muhindi ukikua, unajitengenezea sumu ya viwavi. Ni kazi ya akili, sikatai. Lakini nilipomuuliza mchuuzi, aliangalia pembeni: "Papa, panda tu, utaona." Nikamuuliza kama naweza kuweka mbegu ya mwaka ujao. Akacheka. Na gunia lenyewe, karatasi yake ya jina imebanduliwa.

Nani hubandua jina la kitu kizuri?

Nakusikia: "Mwalimu, weye unafundishaka mimea, miye naipandaka." Na lile neno lako lingine: "Mbegu yenye haina mama, usilete mu nyumba yangu." Yako ina mama, ulipewa na mama yako ulipoolewa, naye alipewa na wake. Upepo haujui hayo. Utabeba vumbi la maua ya Ilunga, uliangushe kwenye nywele za mahindi yako, na mbegu nitakayotundika mwakani isiwe yako tena. Nimemweleza.

"Papa, weye unaogopa ata upepo," akasema.

Basi nachelewa kupanda kwa makusudi. Majirani wanadhani ni uzee. Nitapanda yako wakati ya Ilunga yamefika kiunoni, ili maua yake yakauke kabla yako hayajatoa nywele. Mvua ikikatika mapema, nitavuna kidogo. Ikatike.

Pumzika, mke wangu. Hata nikipata hindi moja tu, nitalitundika juu ya moshi, na nitajua ni la nani.

Baba Ilunga