Presha ya Bwana Harusi

Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, Kasulu nzima inanukia udongo.

Na jambo ambalo sikulimalizia juzi, umeme ulipokatika nikiwa katikati ya sentensi, ni kwamba Odilia hucheka usingizini. Si kila siku. Lakini akicheka, tumbo nalo linatikisika, nami nabaki namtazama kama mtu aliyepewa shamba bila kuomba.

Tulioana kiangazi kilichopita. Najua mmechoka kulisoma hilo hapa. Vumilieni, mwenyewe bado sijalizoea. Mpaka leo nikienda dukani kuchukua sabuni ya mke wangu, maneno "mke wangu" nayatamka polepole, ili muuzaji ayasikie vizuri.

Leo nina furaha mpaka naona aibu. Jana sikuwa nayo kabisa.

Kazi yangu mnaijua. Nakaa chumba cha kumbukumbu hospitalini, nasoma walichoandika madaktari, kila ugonjwa naupa msimbo wake, herufi na namba, kwenye kompyuta. Magonjwa ya ujauzito yanaanza na herufi O. Presha ya mjamzito peke yake ina misimbo kadhaa, na kila mmoja una maana yake. O10 ni ya mama aliyekuwa na presha hata kabla ya mimba. O13 ni presha iliyokuja na mimba, mkojo ukiwa hauna protini. O14 ni ile inayokuja na protini, ambayo wote tunaiogopa, kwa sababu kifafa cha mimba kinakaa nyumba ya pili. Halafu kuna O16, ya pale daktari asiposema ni ipi.

Nimeshaandika O16 mara nyingi, nikafunga faili, nikaenda kula.

Jana mchana nilifungua faili moja katika rundo, nikakuta jina la Odilia.

Asubuhi aliniaga kwamba anakwenda kliniki, na akitoka atanipitishia maandazi. Nilikuwa nayasubiri hayo maandazi. Kumbe alikuwa amelazwa ili apimwe tena na tena. Mwandiko wa daktari ulisema hivi: mjamzito, mimba ya kwanza, presha iko juu, mkojo umepelekwa maabara. Basi.

Nilibonyeza O. Kidole kikagoma hapo.

Faili la mtu mwingine ningeandika kumi na sita. La Odilia sikuweza. Nililibeba kama lilivyo nikaenda wodini, na njiani niliwapita watu wawili bila kuwasalimia, jambo ambalo kwetu Waha lazima litafika nyumbani kabla yangu.

Nilimkuta amelala kwa ubavu wa kushoto, kitambaa cha kupimia bado kimefungwa mkononi.

"Usinitazame hivyo, bado sijafa," alisema. "Na maandazi yako nimeyala."

Nilicheka. Kisha nikashindwa kuendelea kucheka, nikakaa kitandani, nikamshika mguu.

Daktari alikuja na majibu. Mkojo safi, hauna protini. Nilishusha pumzi, lakini daktari akawa bado anaigeuza kadi ya kliniki, mbele na nyuma.

"Ninachotaka kujua sasa ni kimoja," alisema. "Presha hii imekuja na mimba, au alikuwa nayo tangu zamani? Kadi inaanzia mwezi wa tano wa mimba. Kabla ya hapo sina chochote."

Hilo lina sababu yake. Mama mkwe wangu, kule Kibondo, alimwambia bintiye kwamba mimba ya kwanza haitangazwi, tumbo lijitangaze lenyewe. Na benchi la kliniki ni tangazo kubwa kuliko redio, kwa sababu utamkuta jirani, na jirani ana dada. Kwa hiyo Odilia alingoja mpaka gauni likakataa. Simlaumu mama. Alikuwa anamlinda mjukuu wake kwa njia anayoijua. Lakini njia hiyo ilimwacha daktari hana cha kulinganisha.

"Kwa hiyo kabla ya kadi hii hajawahi kupimwa hata mara moja?" daktari akauliza.

Nilikuwa nafungua mdomo niseme hapana. Odilia akaanza kucheka, kicheko kilekile cha usingizini.

"Tulipimwa kabla ya ndoa," alisema. "Mwambie wewe, Baba Tumbo."

Baba Tumbo ndiyo mimi.

Nikamwambia. Kanisani kwao walitaka tupimwe afya kwanza ndipo ndoa itangazwe. Tulikwenda zahanati ndogo nje ya Kibondo, karibu na kwao, tukapokelewa na Sista Perpetua, muuguzi mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Odilia alipimwa presha, haikuwa na neno. Ikaja zamu yangu. Mkono mmoja ulikuwa kwenye mashine. Mkono wa pili Odilia akaushika, na ilikuwa mara ya kwanza kunishika mkono mbele ya mtu mwingine.

Mashine ikapanda. Sista akaitazama, akamwambia Odilia aniachie, akangoja, akapima tena. Bado iko juu.

"Bwana harusi," akasema, "unaoa au unakimbizwa?"

Daktari alitabasamu, jambo ambalo kwa daktari yule ni kubwa. "Hadithi tamu, lakini siwezi kuiandika kwenye faili. Namba ya simu ya huyo Sista unayo?"

Odilia alikuwa nayo. Nikapiga, nikaweka spika. Na hapo yakanikuta mateso ambayo mtu wa kwetu pekee ndiye atayaelewa. Huwezi kumuuliza mtu mzima jambo kabla hamjasalimiana mpaka mwisho. Sista aliuliza habari za Kasulu, za kazi, za wazazi wangu, za mvua, za maharage. Nikajibu zote. Nami nikamuuliza zake zote, ng'ombe wakiwemo. Daktari amesimama kashika kalamu. Odilia kaufunika uso kwa khanga, mabega yanamtikisika.

Mwishowe nikasema mimi ni yule bwana harusi aliyepandisha presha.

"Aa, ni wewe," akasema Sista. "Kumbe upo hai."

Nikamwomba kipimo cha Odilia cha siku ile, akaenda kulitafuta daftari. Tulisikia mvua ya Kibondo kwenye bati lake, kuku mmoja, mlango. Nilimshika Odilia mkono, na yeye akaufinya sana. Ndipo nikajua kwamba alikuwa anaogopa tangu asubuhi, na ule mzaha wote alikuwa ananifunika nao mimi nisipigwe na baridi.

"Mia na kumi kwa sabini," sauti ikarudi. "Binti yangu alikuwa mzima kabisa."

Daktari akaongea naye mwenyewe, akauliza mawili matatu, akaandika. Presha imekuja na mimba. Kabla haikuwepo. Protini hakuna.

"Haya, nenda kamalizie kazi yako," akaniambia. "Na usiandike kwa sababu unampenda. Andika kwa sababu nimeandika."

Nilirudi mezani kwangu. O13. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama hicho, na barua za uchumba nilizomwandikia Odilia mnajua zilivyokuwa.

Sitaki niwadanganye wala nijidanganye. Daktari alitukalisha wote wawili akatueleza kwamba O13 inaweza kugeuka O14 bila kupiga hodi. Vidonge kila siku. Kupimwa kila wiki. Kichwa kikimgonga, macho yakiona vimulimuli, uso ukivimba, au maumivu chini ya mbavu, twende saa hiyohiyo, si kesho. Nimeyakariri kama sala. Lakini wengi wa namna yake, alisema, presha hushuka baada ya kujifungua. Na mtoto, alipomsikiliza moyo, alikuwa anapiga mbio zake kama kawaida.

Leo asubuhi ameruhusiwa. Tumerudi kwa bajaji chini ya mwavuli mmoja, ambao haukuhitajika kwa kuwa bajaji ina paa, ila sote wawili hatukutaka kuufunga.

Jioni hii nimepika. Dagaa wale wa chumvi nimempa jirani, na mboga nimeipika bila chumvi kwetu sote. Ina ladha ya maji ya mvua. Tumeimaliza.

Ila kuna kitu nimekiruka. Jana kabla ya kukata simu Sista alisema, na spika ilikuwa bado wazi, "Ya mke nimekupa. Ya kwako je? Nilikuambia urudi nikupime tena. Mpaka leo nakusubiri."

Odilia ameliibua leo, vyombo vikiwa bado mezani.

"Uliniambia ilipanda kwa mapenzi."

"Ndiyo."

"Mapenzi hayo yameisha?"

"Hayajaisha."

"Basi twende tukayapime. Mimi napimwa kila wiki, wewe unapimwa ukioa tu. Mtoto huyu nataka akija atukute wawili."

Ameshalala sasa, kwa ubavu wa kushoto kama alivyoagizwa. Nami nimebaki na swali ambalo sikuwa nimewahi kujiuliza. Kama haikuwa mkono wake, ilikuwa nini?

Kwa hiyo, Sista Perpetua, kama kuna mtu atakusomea haya, nakuja. Nitakuja kabla mwezi haujaisha, barabara iwe na tope au isiwe nalo. Daktari akimruhusu Odilia, nitakuja naye, tutapitia kwa mama kumsalimia na kuchukua maharage mapya. Tutakusalimia mpaka mwisho, ng'ombe wakiwemo. Kisha nitakupa mkono wangu, na Odilia ameahidi kwamba ule wa pili hataugusa mpaka utakapomaliza kupima.