Jibu Langu la Swali la Ishirini na Saba

Nyumba ya tano kutoka kona,
Upande wa juu wa mtaa,
Unapajua.

14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe? Wifi hajambo? Watoto je, yule wa mwisho ameshaota meno au bado anatafuna kwa ufizi? Na mgongo wako, bado unakusumbua? Kama unakusumbua, acha kubeba makochi ya watu na kujifanya kijana. Mimi ni mzima. Goti la kulia linanisema vibaya kila asubuhi, lakini na la kushoto bado tunaelewana.

Unanijua, nikianza na magoti ujue kuna jambo nalizungukia. Ni kweli lipo, na nataka usome mpaka mwisho kabla hujaichana barua. Umeniahidi? Haya.

Miezi kumi iliyopita alikuja mtaani binti mmoja mwenye begi mgongoni na kishikwambi mkononi. Yeye na wenzake walikuwa wanafanya utafiti kwa sisi tulionusurika mwaka ule upande wa juu na wa chini tulipopigana: tunaishije, tunamwogopa nani, tunataka nini. Walisema mradi wa amani utajengwa kwa majibu yetu, siyo kwa mawazo ya watu wa ofisini. Binti alikuwa anahesabu nyumba, kila ya tano anapiga hodi. Ya tano ni yangu. Maisha yangu yote sijawahi kushinda bahati nasibu, nikashinda hiyo.

Dodoso lilikuwa na maswali sitini na mawili. Kwanza akanisomea kwamba nina haki ya kukataa kujibu swali lolote. Mdogo wangu, tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nina haki ya kukataa kitu. Nilifurahi mno, nikajibu yote.

Majibu yalikuwa ya kuchagua: hapana kabisa, kidogo, kiasi, sana. Wasiojua kusoma walionyeshwa kadi zenye sura, kuanzia inayolia mpaka inayocheka. Fundi viatu wa pale kona aliulizwa anajisikiaje akikutana na watu wa upande wa chini, akachagua sura ya pili kwa sababu, alisema, inafanana na marehemu mkewe. Wakamwandikia "kidogo".

Mimi kilichoniponza ni adabu. Binti alikuwa ametembea tangu asubuhi, viatu vumbi tupu, midomo imekauka, na kila nikijibu ananitazama kwa huruma. Mtoto wa watu, ningemwambiaje "hapana kabisa"? Unalala vizuri? Sana. Unawaamini majirani? Sana. Likaja la ishirini na saba: ungekubali kufanya kazi meza moja na mtu wa upande ule mwingine? Kupitia dirishani nikamwona Mama Vifungo, ng'ambo ya barabara, upande wa chini, anaanika sare za shule alizozishona. Unajua hatujasemeshana miaka kumi na moja, tangu mwanawe alipokuja na wenzake kuichoma nyumba yetu baba akiwa ndani. Nikasema, "Sana, mwanangu."

Nilijua ni uongo. Ila nilidhani ni uongo mdogo, utapotea katikati ya majibu ya wakweli.

Tukaitwa shuleni kusomewa matokeo. Tulikaa kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yamefika kidevuni, upande wa juu dirishani, upande wa chini mlangoni. Mtafiti mkuu, bwana mrefu mwenye tai fupi, akabandika karatasi ya rangi ubaoni. Alisema mradi ulikuwa na michoro miwili: karakana mbili ndogo za ushonaji, kila upande na yake, au moja kubwa ya wote, yenye meza moja ndefu ya kukatia vitambaa. Wameamua kwa majibu yetu. Asilimia tisini na moja tumesema tungefanya kazi meza moja, tena "sana". Akatupigia makofi peke yake.

Ungesikia sindano ikianguka, na tulikuwa mafundi cherehani wanane mle ndani, sindano hazikosekani. Kila mtu akamtazama mwenzake kuona nani kasema. Mimi nilimtazama Mama Vifungo, na yeye alikuwa ananitazama mimi. Mtaa mzima ulikuwa umedanganya kwa adabu, na sasa uongo wetu unataka kuezekwa bati.

Kesho yake mlango ukagongwa. Ni yeye. Hodi hakupiga, salamu hakutoa.

"Ishirini na saba ulijibu nini?"

"Sana," nikasema. "Wewe je?"

"Sana."

"Muongo wewe."

"Muongo mtupu. Na wewe?"

"Mimi ndiyo usiseme."

Basi tukacheka. Usinikasirikie, kicheko kilinitoka kabla sijakumbuka kuwa nina ugomvi naye. Tulicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Kisha akaacha kucheka, akasema huku anaangalia miguu yake, "Siku ile nilimwona mwanangu anatoka na kiberiti changu cha jikoni. Nilijua anakokwenda. Nikafunga mlango. Maswali sitini na mawili, hilo hakuna aliyeniuliza."

Nililia, mdogo wangu. Mwanawe yuko gerezani, sote tunajua alichofanya, lakini habari ya mlango sikuijua. Nikamwambia aende kwake. Akaenda. Siku tatu sikushona hata pindo, hasira zimenijaa mpaka kwenye vidole.

Siku ya nne binti akarudi. Kumbe katika kila nyumba kumi walizohoji, moja hurudiwa, kuhakikisha hakuna karani aliyekaa kivulini akajijazia majibu mwenyewe. Na kishikwambi kikachagua nani? Mimi tena. Nikamuuliza kama kile kidude kina undugu na mimi.

Safari hii alikunywa maji kwanza, akaniambia, "Mama, wasiwasi wangu ni kwamba mtaa huu mnajibu vizuri mno. Mkijibu kwa kunionea huruma, jengo litasimama na hakuna atakayeingia. Hata 'hapana' nitaipokea, ili mradi ni yako."

Akauliza la ishirini na saba. Nilikukumbuka wewe, siku ile uliyoniambia kwenye simu kwamba nikikaa na watu wale meza moja, nikusahau, na kwamba mtaa huu hutaukanyaga. Nilikumbuka mkasi wa baba tulioutoa kwenye majivu, mweusi lakini unakata. Nilimkumbuka mwanamke yule ameshika fremu ya mlango wangu. Angeweza kukaa kimya mpaka kaburini, na hakukaa.

Nikasema, "Kidogo."

Binti alinitazama kana kwamba nimemzawadia gari. Mara sauti ikatoka ng'ambo ya barabara, "Kasema nini?"

"Majibu ni siri, mama!" binti akapaza sauti.

"Nimesema kidogo!" nikamjibu mwenyewe.

"Na mimi niandikie hivyo hivyo!"

"Wewe safari hii hujachaguliwa, mama!"

"Nimejichagua! Andika!"

Maskini binti, alibaki kasimama katikati na kishikwambi chake, utaratibu umemfia mikononi. Lakini alikwenda kusema na bosi wake, na nyumba zote zikaulizwa upya, kwa maelezo kwamba atakayejibu kwa adabu atakuwa amekosa adabu. Tisini na moja ikaporomoka mpaka thelathini na nane, na hata katika hao waliokubali, wengi ni akina kidogo. Nasikia mtafiti mkuu hakula mchana siku hiyo. Fundi viatu alichagua sura ile ile.

Jengo limekwisha. Ni moja, lina vyumba viwili vya pembeni, kila upande na chake, na meza ndefu iko chumba cha kati. Milango ya kuingilia hapo ina makomeo pande zote mbili, anayechoka na mwenzake anafunga, na haulizwi. Kwa sasa tunafungua Jumanne tu. Mama Vifungo anakaa mwisho kule, mimi mwisho huku. Jumanne ya kwanza hatukusemeshana. Ya pili aliniambia pasi yangu imezidi moto. Ilikuwa imezidi kweli, na jambo hilo liliniudhi kuliko yote.

Sijamsamehe. Sijui kama nitamsamehe, na sitaki mtu aniharakishe, hata yeye. Ila usiku nalala, mdogo wangu. Siyo sana. Kiasi.

Sasa umelijua jambo lenyewe. Uliniambia nikikaa nao meza moja nikusahau. Nimekaa Jumanne mbili, na sijakusahau hata kwa dakika moja. Kama wewe umeamua kunisahau, niandikie, nijue. Lakini kabla hujaamua nina swali, na una haki ya kukataa kulijibu: ungekubali kuja kuushika mkasi wa baba, kwenye meza ile, huku yule mama amekaa mwisho kule? Hapana kabisa, kidogo, kiasi, sana. Tia alama, unirudishie. Usijibu kwa kunionea huruma, nimekulea, nitajua. Na ukichagua "kidogo", usiidharau. Mimi nilianza nayo hiyo.

Msalimie wifi, mwambie kitambaa alichokitaka nimekipata. Wabusu watoto, waambie shangazi yao bado ana meno yote isipokuwa manne. Fundi viatu anakusalimu, anauliza kama unavaa bado namba ile ile. Mola akulinde njiani na kazini, akupe usingizi, na akunyooshee mgongo, maana safari ya huku ni ndefu.

Wako akupendaye sana, na hata nikirudiwa kuulizwa jibu ni lile lile,

Dada yako.