Taa Juu ya Kitanda cha Mama

Nyumbani, chumbani kwa Mama
Jumapili, tarehe 9

Mpendwa kaka,

Pokea salamu zetu. Wifi na watoto hawajambo? Na mgongo wako je? Sisi wengine wazima, ila Mama anadhoofika siku hadi siku. Sitakuficha.

Mchoro wako wa taa za kuzama kwenye dari ulifika. Fundi umeme, yule tuliyembandika jina la Bwana Kesho, safari hii alikuja siku ileile. Alitoboa matundu sita palepale ulipotia alama, akawasha. Chumba kikang'aa, shangazi akapiga makofi.

Tangu hapo Mama akawa anafumba macho. Unajua kiharusi kilimwachia macho tu, ndiyo anayosemea. Nikimlisha uji, kafumba. Shangazi akimwita, kafumba. Tukasema ametuchoka, anaaga. Nililia jikoni, kaka, tena nikamkasirikia, Mungu anisamehe.

Juzi tulimweka kitini ili nibadilishe shuka. Nilikuwa hoi, nikajinyoosha mahali pake. Taa mbili zikanichoma macho. Dakika moja haikuisha, nikashindwa. Yeye hawezi hata kugeuza shingo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nakitandika kila asubuhi.

Mchoro wako ulikifaa chumba unachokikumbuka, kitanda kikiwa karibu na mlango. Tulikihamishia dirishani wiki aliyoanguka. Hatukukwambia, nawe hukuuliza. Lawama tugawane.

Jana tumepanga upya. Nililala pale, fundi akawa anasogeza balbu kwenye waya, nami nasema, "Bado. Rudi ukutani. Bado kidogo. Hapo." Zitakuwa nne, zote upande wa pili wa chumba. Matundu mawili ya juu yake yamezibwa kwa ubao. Si pazuri, lakini ndivyo.

Fundi alipoondoka, Mama akafumbua macho. Alinitazama mimi, akamtazama shangazi, akarudi kwangu. Kisha akatazama mlangoni, asiondoe macho hapo mpaka usingizi ulipomchukua. Sisi sote tulikuwa ndani, kaka. Aliyekosekana ni wewe.

Daktari hadhani kama ataumaliza mwezi.

Shangazi anakusalimu, na binamu yetu fundi cherehani pia. Wifi na watoto uwabusu. Mungu akufungulie njia, sikuombei kingine.

Usitume mchoro mwingine. Njoo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata kwa hasira hizi.