Gari Lililogeukia Getini

Mama,

Nianze na ndengu, kwa sababu hizo ndizo zinanikaba koo mpaka leo. Kilo tano nilizinunua Ishiara, zile choroko ndogo za kijani unazozipenda, na zilikuwa zako. Tukazila sisi. Wanja alizipika hapa nyumbani Majimbo, Embu, watoto wakaramba sahani, nami nikaongezwa mara mbili na nikala. Nilimwambia mke wangu kwamba wewe ndiye uliyesema tubaki nazo, eti una za kutosha. Hukusema hivyo. Hata hukujua kuna ndengu.

Aki Mama, nina aibu. Nakuandikia kwa Kiswahili ingawa mimi na wewe tuliongea Kimeru siku zote, isipokuwa pale sokoni Kangeta ulipokuwa ukivutana bei na wateja wa kutoka mbali. Kimeru kimenishinda kwa jambo hili. Ndiyo lugha uliyonifunza kusali nayo, na kila nikianza barua kwa Kimeru naiacha mstari wa pili. Nivumilie.

Sasa ni miezi miwili tangu tukuzike. Nyumba yako imefungwa, funguo anazo jirani yako Mama Kananu. Mbwa wako Simba anakula kwake, lakini anarudi kulala kwako, mlangoni. Migomba imezaa ikainama, nikaikatia nguzo za kuiegemeza. Maharagwe yale mliyokuwa mkipukuchua, wewe na Mama Kananu, yako kwenye gunia pale jikoni, nusu. Sijayagusa.

Unakumbuka vile tulivyolipima hili gari jipya kwa simu? Gari langu la zamani lilikuwa limechoka, silensa imetoboka, linanguruma kama trekta. Wewe ulilipenda hivyo hivyo. Ulikuwa ukinisikia nikiwa bado kule kwenye kona ya kanisa, unaweka sufuria ya chai jikoni, na nikifunga mlango wa gari chai inachemka. Hukuwahi kuniuliza saa ngapi nitafika. Silensa ilikuambia.

Basi nikakupigia kukwambia nataka kuliuza, na kwamba nimeona magari mawili. Moja la kawaida, la petroli tu. Lingine la haibridi, linatumia petroli na betri, kwa lita moja linakwenda karibu mara mbili ya lile langu, lakini bei yake imezidi kwa laki tano. Nilikuwa nimepiga hesabu nyuma ya karatasi za mtihani wa kidato cha tatu, nimejaza kurasa. Mwalimu wa hesabu, si unajua, nikakusomea yote. Ukanisikiliza mpaka mwisho, halafu ukasema, "Mutwiri, hao ni punda wawili. Mmoja anakula kidogo lakini bei yake ni kali. Huyo hana faida akisimama zizini. Utatembea naye wapi?"

Wueh! Miaka kumi na minane nafundisha hesabu na hakuna mtu aliyewahi kuniweka mahali pangu namna hiyo. Na hukuishia hapo. Ukauliza betri ikifa ni pesa ngapi, na fundi wa kuitengeneza yuko Embu au mpaka Nairobi. Maswali ambayo muuzaji mwenyewe aliyakwepa.

Nikarudi kwenye karatasi. Nikitoka nyumbani kwenda shule na kurudi tu, hizo laki tano zingechukua karibu miaka kumi na minne kurudi. Gari lenyewe lingekuwa limekufa. Lakini nikiongeza safari ya kuja kwako kila Jumamosi ya pili, kilomita mia tatu na sitini hivi kwenda na kurudi, zinarudi kwa miaka isiyofika mitano. Nikakupigia tena nikiwa na furaha, nikasema, "Mama, nitatembea naye kuja kwako." Ukacheka. Ukasema, "Basi nunua."

Kwa hivyo wewe ndiye uliyekuwa faida ya lile gari. Nililinunua kwa jina lako. Wanja alipolalamika kuhusu mkopo nilimwonyesha karatasi, safari zako zimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Kila mtu akakubali. Halafu sikuja.

Nikikueleza sababu utanionea huruma, na sitaki. Mara masomo ya ziada, mara harambee ya mwenzangu, mara nimechoka tu, nimelala kwenye kochi natazama mpira. Wakati wa gari la zamani nilikuwa nakwambia petroli ni ghali. Nilipopata gari la kula kidogo nikakosa hata hicho kisingizio, nikaanza kubuni vingine. Miezi minne, Mama. Nilikupigia simu, ndiyo, na nikajisifu. Nilikwambia halina sauti kabisa, likienda polepole halisikiki, linakuja kama paka. Ukaniambia mguu wako umevimba tena, na bodaboda ya kwenda kliniki inakutikisa. Nikasema, "Nitakuja nikupeleke." Nilisema hivyo mara ngapi? Wewe ulikuwa ukihesabu, mimi sikuhesabu.

Na sasa ile Jumamosi.

Nilikuja, Mama. Hukuambiwa na mtu, lakini nilikuja. Nilipitia barabara ya chini, ya Ishiara, nikanunua ndengu, na njia nzima macho yangu yalikuwa kwenye kile kioo kidogo kinachoonyesha lita moja imekufikisha wapi. Kilomita ishirini na mbili. Ishirini na tatu. Nilikuwa nimefurahi kama mtoto. Nikasema nitafika kimyakimya nikushtue, kwa hivyo kutoka kwenye kona ya kanisa nikapanda polepole, kwa betri peke yake. Nikasimama mbele ya geti lako. Nikateremsha kioo cha mlango. Mlikuwa hapo hapo nyuma ya mabati, wewe na Mama Kananu, mnapukuchua maharagwe, na nikamsikia akikuuliza huyu mwanao wa Embu amepotelea wapi, mbona hatumwoni.

Ukamjibu bila kusita, "Humwoni? Anakuja kila wiki ya pili."

Akasema, "Ai, sijawahi kusikia gari."

"Utasikia nini na halina sauti? Hiyo gari inakuja kama paka. Anakuja mkiwa shambani, ananipeleka kliniki, ananirudisha. Hii blanketi ni yeye. Hii sukari ni yeye."

Blanketi ulijinunulia mwenyewe kwa pesa za maharagwe. Nilijua, kwa sababu uliniambia bei.

Mama, damu ilinipanda usoni nikiwa peke yangu ndani ya gari. Ulichukua majigambo yangu ya simu ukayageuza nguo ya kunifunika. Na ulidanganya vizuri sana, bila kubabaika, wewe uliyenichapa nikiwa darasa la tatu kwa kusema kalamu imeibwa kumbe nimeiuza. Nikajua hukuanza siku hiyo. Ulikuwa umezoea.

Mwana mwenye akili angepiga honi. Fikiria tu, Mama! Dakika ile ile ningeingia, ndengu mkononi, na Mama Kananu angefunga mdomo wake mwaka mzima. Ningekufanya mwanamke mkweli kuliko wote Igembe nzima. Sikupiga. Niliona nitalazimika kukaa kwenye kile kiti cha mbao, nikubali kwa kichwa kila neno, huku wewe unanitazama na unajua, nami najua. Niliogopa macho yako. Simba akaja, akaingiza pua chini ya geti, mkia unapiga mabati. Hakubweka, ananijua. Nikajiwekea kidole mdomoni, mimi mzee wa kanisa, nikimwomba mbwa aninyamazie.

Nikaachilia breki, gari likarudi nyuma lenyewe kwa mteremko, likageukia pale getini kwenye udongo mbichi, na nikaondoka. Gari la zamani lisingekubali. Lingenguruma, mngetoka nyote wawili, na ningekuwa nimekuona.

Na nikwambie kitu cha kuudhi zaidi. Haya magari ya betri yakishuka mlima hayachomi mafuta, yanakusanya nguvu. Nilipokuwa nakukimbia kile kioo kilipanda mpaka ishirini na sita. Halijawahi kufika hapo tena.

Nilipofika Chuka nikaegesha kando ya barabara, nikakupigia. Nikasema, "Mama, leo sikuweza, tuko na mitihani." Halafu ukauliza, "Barabara ilikuwa aje?"

Nikasema, "Barabara gani, Mama? Niko shule."

Ukasema, "Haya. Nisalimie Wanja." Nikakata simu nikifikiri ni uzee, umeanza kuchanganya mambo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya kilomita mia tatu na sitini, na nyumbani nikamwambia Wanja kwamba nimekuona, uko sawa, umemsalimu. Salamu angalau zilikuwa za kweli.

Wiki tatu baadaye presha ikakuangusha pale kwenye ghala, na Mama Kananu ndiye aliyenipigia. Nilikuja kasi, sikutazama kioo. Sikukuwahi.

Siku ya mazishi ilikuwa mbaya kuliko kifo chenyewe, Mungu anisamehe. Wanja alisimama akasema mume wake alikuwa na bahati, alikuona wiki tatu kabla. Mama Kananu akasimama akasema mbele ya kanisa zima kwamba wako wana wanaosahau mama zao wakipata mshahara, lakini Mutwiri hakusahau, alikuwa akija kila wiki ya pili na gari lisilosikika. Watu wakapiga makofi. Wazee wakanishika mkono. Nikatazama chini kwenye viatu vyangu, wakadhani ni huzuni. Ilikuwa huzuni, ndiyo, lakini kilichonifanya nitazame viatu ni aibu.

Wageni walipokwisha kuondoka, Mama Kananu akaniletea uji, akaketi. Akasema kuna jambo lilimshangaza. Siku moja mlikuwa mkipukuchua maharagwe, Simba akaenda getini akitikisa mkia na asibweke. Ukainuka na mguu wako ule, ukaenda kutazama, ukakaa huko kitambo. Ukarudi ukasema ni upepo. Halafu ukachukua ufagio ukaenda kufagia nje ya geti. Jua linashuka! Akakuuliza nani hufagia saa hizi, ukamwambia kuna uchafu. Halafu ukaweka chai, sufuria kubwa, na wageni hakuna.

Yeye hajaelewa mpaka leo. Mimi nilielewa uji ukiwa mdomoni, nikaweka kikombe chini.

Uliona alama za magurudumu. Ulijua nimefika, nimesikia, nimegeuka. Na bado ulichukua ufagio ukanifutia njia, ili Mama Kananu akitoka asiulize ni nani aliyekuja getini akakimbia. Halafu ukaenda kuweka chai, labda nitabadilisha nia huko kwenye kona. Nilipokupigia nikiwa Chuka ulinifungulia mlango mwingine. Uliniuliza barabara ilikuwa aje. Mtu huulizwa hivyo akiwa ametoka safari. Ulitaka nikwambie tu kwamba nilikuja. Hukutaka kunigombeza, ulitaka nikwambie. Nami nikakuuliza barabara gani.

Wanja nimemwambia yote, juzi. Alilia, akanitazama vibaya, akasema hatapika ndengu tena nyumbani kwake. Ni haki yake. Mama Kananu sijamwambia. Nimewaza sana. Nikimwambia ukweli nitajitua mzigo, lakini nitakuwa nimekuvua nguo wewe kaburini, na ile ilikuwa kazi yako ya mwisho kwangu. Siwezi kuibomoa. Lakini siwezi pia kukaa ndani yake nikipigiwa makofi.

Kwa hivyo nimeamua hivi, na hii ndiyo ahadi yangu, ya kwanza ninayokupa bila karatasi. Ulisema nakuja kila wiki ya pili. Nitakuja. Jumamosi mbili nimekwisha kuja, Mama Kananu nimempeleka kliniki ya macho na kumrudisha, migomba nimeitazama, Simba nimempa mfupa. Nikifika kwenye kona ya kanisa napiga honi, ndefu, mpaka watoto wanatoka kutazama, kwa sababu hili gari halitanificha tena. Uwongo wako nitautembea mpaka uwe kweli. Kama laki tano zitarudi au hazitarudi, sijui, ile karatasi niliichoma jikoni kwako nikichemshia chai. Nilichemsha vikombe viwili. Chako nilikimwaga kando ya kaburi, usikasirike, kilikuwa na sukari nyingi vile unavyopenda.

Kaa vizuri, Mama. Ndengu nyingine nimekuletea, nimezipanda pale chini ya migomba. Mama Kananu anasema baridi ya huku haitazikubali. Tutaona.

Na lile swali lako sijalijibu bado. Barabara ilikuwa nzuri, Mama. Nilifika.

Mwanao,
Mutwiri