Bao Haliko Dukani

Jumatatu, 3 Machi

Wamemnunua namba tisa!

Fundi viatu wa mbele ya nyumba ndiye aliyeleta habari, kiatu cha mteja bado kiko mkononi. Nyota, wapinzani wetu, wamemchukua, na tajiri wao amempa gari siku hiyo hiyo, hata mpira hajaugusa. Jezi ya namba tisa ilikuwa ndani ya beseni, ya mechi ya juzi. Mama akaendelea kuisugua.

Nilimwambia aiache ioze. Akasema tope halina timu.

Tope lenyewe mimi nalijua. Tangu nimalize shule nashinda na mama kwenye kibanda chetu cha dobi, na jezi za Karakana, timu yetu, tunazifua sisi tangu enzi za marehemu bibi. Kipa namjua kwa viwiko. Beki wa kulia namjua kwa paja la kushoto, maana anateleza upande mmoja tu siku zote. Namba tisa alichafuka magoti, kwa sababu kila akifunga alipiga magoti mbele ya jukwaa letu. Sasa atayapiga kule, kwenye nyasi za kununua.

Nimechukia mpaka nimeunguza foronya ya mwalimu mkuu.

Jumatano, 5 Machi

Kinyozi wa jirani ni Nyota damu. Leo nimepita na kapu la nguo, akanipigia kelele kutoka ndani: "Dada dobi, poleni na msiba!" Wateja wakacheka, mmoja mpaka povu likamwingia mdomoni. Mimi nikainamisha kichwa kama kawaida yangu. Majibu yote mazuri yamenijia nilipofika nyumbani. Yanakuja wakati nimeshavua viatu!

Fundi viatu akanijibia. Alisema timu ya kununua ni kama meno ya bandia: yanang'aa, lakini hayana mzizi. Kinyozi akazima mashine. Akasema miaka ishirini walishika mkia, tukawacheka, tukawaita Nyota ya Mchana. Hakuna aliyewaonea huruma. Leo wamepata mtu wa kuwashika mkono, ndiyo tunawahubiria habari za jasho?

Fundi viatu akakohoa. Akarudi kwenye gundi yake.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hiyo miaka ishirini ni kweli. Mimi mwenyewe nimewaita Nyota ya Mchana.

Jumamosi, 8 Machi

Tumetoka sare. Mvua mwanzo mwisho. Lakini wimbo!

Niseme hapa, maana ni hapa tu ninapoweza kusema: wimbo ule ni wangu. Niliutunga mwaka jana nikipiga pasi. Pasi ina mwendo wake, inakwenda na kurudi, maneno yanajipanga yenyewe. Nikauandika nyuma ya kikaratasi cha alama za nguo, nikampa mjomba. Mjomba, kaka yake mama, ndiye anayeongoza nyimbo. Jukwaa zima linamwita Kipaza. Mimi hata "karibu" nikiitika, mgeni anabisha hodi tena.

*Hatuna paa kichwani, mvua yatunyeshea,*
*Jezi zetu za zamani, mama wanatufulia,*
*Bao haliko dukani, kwa jasho twajipatia!*

Mizani nane kwa nane. Nimehesabu mara mia.

Watu wanadhani ni wa mjomba. Mjomba hajawahi kudai ni wake, lakini hajawahi kukataa pia. Anacheka tu, anapigwa mgongoni. Sikujali. Leo, mvua inamwagika, jukwaa zima limelowa na linaimba maneno yangu, fundi viatu anapiga ngoma kama anapigilia misumari, na mama akanifinya mkono. Yeye anajua.

Nilikuwa na furaha mpaka nikasahau namba tisa.

Jumanne, 11 Machi

Mjomba amekwenda Nyota.

Jumatano, 12 Machi

Ni kweli. Wamempa cheo: Mkuu wa Hamasa. Mshahara, spika kubwa, na kiti chake kwenye basi la mashabiki. Jana alikuja kujieleza kwa mama. Mimi nilikuwa nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, hawakuniona.

"Dada, nimepiga kelele miaka kumi na moja. Koo langu limekuwa kama bawaba mbovu. Nani wa Karakana aliwahi kuniambia asante?"

"Kwa hiyo ulikuwa unaimba upewe asante?"

"Mapenzi hayapikwi, dada."

"Tajiri naye hapikwi. Ngoja akuchoke."

Nilitaka kufunua shuka, nitokeze, niseme: na mimi je? Mimi nani aliniambia asante? Sikutokeza. Nilikuwa nimeuma kibanio cha nguo, kimeacha alama kwenye mdomo. Leo nimekutana naye njiani na sikumwamkia. Shikamoo yangu ya kwanza kumnyima mtu mzima! Sijuti. Najuta kidogo. Sijuti.

Jumapili, 16 Machi

Siwezi kukaa chini. Naandika nimesimama.

Nyota walicheza leo, wakaonyeshwa kwenye televisheni ya kinyozi. Barabara nzima ilikuwa mlangoni kwake, sisi na wao. Mjomba akaonekana, jezi ya rangi ya chungwa, kipaza sauti mkononi. Akaanzisha. Wimbo wangu!

Wameubadilisha. "Tuna paa kichwani"! Wamekata silabi moja tu, basi, wamemaliza kazi. Mizani saba! Ngoma yao ikabaki hewani kama mtu aliyekosa ngazi. Halafu "mama wanatufulia" — mama gani? Wana mashine nne za kufulia, kinyozi mwenyewe alitutambia! Mimi nimesimama pale, nimefumba macho, nikisema moyoni watabadilisha mstari wa tatu, lazima watabadilisha wa tatu.

Hawakubadilisha.

"Bao haliko dukani!" Wanaimba wote, kwa nguvu zote, na kamera inamwonyesha namba tisa waliyemnunua wiki mbili zilizopita!

Fundi viatu alicheka mpaka akaanguka na kigoda. "Rudieni! Rudieni hapo kwenye duka!" Kinyozi akapunguza sauti, akisema televisheni ina matatizo. Nilicheka na mimi. Kisha nikaona kila mtu anacheka maneno yangu, nikaacha kucheka.

Tulipotawanyika nikamwuliza fundi viatu, kwa sauti ndogo, kama Jumamosi tutauimba. Derby, mechi yetu na Nyota, ni Jumamosi, tutakuwa uso kwa uso nao. Akasema hapana, binti yangu. Wimbo ni kama mswaki. Ukishaingia kinywa kingine, basi.

Basi! Namba tisa walimlipia. Wimbo wangu hata hawakuulizia bei.

Jumatano, 19 Machi

Fundi viatu alikuja kuchukua shati lake. Akamwambia mama kwamba Jumamosi tutakaa kama tuko kwa daktari, tukisubiri kuitwa. Nani atatutungia mwingine? Yule mjomba wa huyu binti ni msaliti, sawa, lakini kipaji anacho.

Kipaji!

Mama akanitazama. Aliacha kukunja shuka, akanitazama tu. Nilifungua mdomo. Fundi viatu akageuka, akasubiri. Uso wake una subira, huyu mzee, angesubiri mpaka jioni.

Nikasema: "Vifungo vyote vipo. Nimevihesabu."

Mama akalikunja shuka kwa nguvu.

Jumamosi, 22 Machi

Saa tano asubuhi. Derby ni saa kumi. Mama ameondoka na mfuko wa jezi kuupeleka uwanjani. Niko peke yangu kibandani. Si peke yangu. Mjomba yuko hapa.

Amekuja na jezi yake ya chungwa, imejikunja. Mgongoni imeandikwa HAMASA. Anataka ipigwe pasi, na si hilo tu. Amekaa kwenye benchi la wateja, magoti yanacheza. Anasema tangu Jumapili amechekwa mpaka na watoto. Tajiri mwenyewe amechekwa mbele ya matajiri wenzake. Wamemwambia mstari wa tatu ubadilike leo, la sivyo arudishe spika na cheo. Amejaribu siku nne. Alichopata ni "Bao tunalo dukani." Nilikaribia kucheka.

"Mpwa wangu," akasema, "mstari mmoja tu. Wewe ndiye unayejua, wimbo ni wako."

Wimbo ni wako! Miezi yote hii, na amelisema mbele ya beseni na pasi.

Sijui sauti ilitoka wapi. Nikasema, "Waambie hivyo. Kwenye spika, kabla hujaanza. Useme ni wa nani."

Akanitazama kama vile pasi ndiyo imesema.

"Mbele ya Nyota wote?"

"Na Karakana watasikia. Spika si kubwa?"

Akatazama mikono yake. Nje basi lao limekuja, linapiga honi mbele ya kinyozi, bendera zimejaa madirishani. Akasimama mlangoni, akawapungia wasubiri. Halafu akageuka, na sauti yake ile iliyokwaruzika ilikuwa ndogo, ndogo kama yangu.

"Nikisema, utanipa?"

Nimefungua daftari juu ya meza ya kupigia pasi, naye anadhani naandika mstari. Dirishani namwona fundi viatu amevaa shati lile nililompigia pasi, la bluu, anakaza ngozi ya ngoma. Ngoma isiyo na wimbo. Anakaza tu.

Mstari ninao. Ulinijia Jumapili ile ile, katikati ya kicheko. Mizani nane kwa nane, na ni mzuri kuliko ule wa zamani. Unawakaa Nyota kama nimewapima. Hicho ndicho kinachoniunguza! Nimekaa nao siku sita kama mtu aliyeficha kitu cha wizi, na kwa Karakana sijapata hata neno moja.

Honi tena. Kinyozi anaita, "Kipaza, twende! Nyota haingoji usiku!"

"Mpwa wangu?"

Nimechukua kikaratasi cha alama za nguo. Upande mmoja kina namba tisa, cha zamani, hatukukitupa. Nimekigeuza. Pasi imesimama kwa kisigino, imeshapata moto, jezi ya chungwa bado ina mikunjo yote. Mjomba amenyoosha mkono. Sijui ni jezi anayotaka au kikaratasi, na neno la kwanza la mstari ule limeshaandikwa, ni mwandiko wangu, na fundi viatu ameinua kichwa anatazama huku, na kalamu yangu imesimama hapo.