Mama Karibu, Uliyewaachia Wageni Nafasi

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipoondoka bila kuaga. Asubuhi ulisema kichwa kizito kidogo, mchana ukajilaza, na jioni nyumba ikajaa watu. Hatujazoea bado. Baba huweka vikombe viwili mezani kila asubuhi, kisha hukirudisha kimoja kabatini, nasi hujifanya hatujaona.

Wengi walikujua kwa jina la Mama Karibu, na wengi wao hawakuwahi kuiona sura yako. Siku za msiba walipiga simu watu tusiowajua, mmoja akauliza kwa aibu, "Kumbe alikuwa mtu kweli? Mimi nilidhani ni kompyuta iliyofundishwa adabu." Ungemsikia, Mama, ungecheka mpaka ushike mbavu.

Miaka yote ya kazi ulikaa kwenye dirisha la mapokezi ya hospitali. Ulituambia kuwa mtu anayefika dirishani kwa mara ya kwanza anajulikana hata kabla hajafungua mdomo. Anasimama pembeni kidogo ya foleni, anasoma kila tangazo la ukutani, na anaomba msamaha kwa kosa ambalo hajalifanya. Wewe ulimwita kabla hajaita. "Karibu, mpenzi, sogea, hapa hapaumi." Maneno hayo yalikuganda mdomoni. Hata msoma mita za maji alipobisha mlango wetu ulimwambia hapaumi, na yeye akajibu kwamba bili yenyewe ndiyo inayouma.

Ulipostaafu tulidhani utapumzika. Nani apumzike! Kwa jina la Mama Karibu ukajiunga na kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma, kuiongezea na kuisahihisha. Baba akawa analalamika kwa wageni: "Uzeeni nimeletewa mpinzani, tena wa kuchomekwa kwenye umeme." Uliandika makala kuhusu miti, masoko na magonjwa ya watoto. Lakini tuseme kweli, makala hazikuwa ndizo zilizokuamsha mapema. Kilichokuamsha ni wageni.

Maana mgeni kule hupata taabu. Mtu anaandika makala yake ya kwanza kwa moyo wote, anasahau kuonyesha habari amezitoa wapi, na kabla chai yake haijapoa makala imefutwa na amebandikiwa onyo. Wengi huondoka hapo hapo. Wewe uliwafuata. Ulikwenda kwenye ukurasa wa majadiliano wa kila mmoja ukamwandikia maneno yake mwenyewe, si zile salamu za kunakili. Ulimwambia ulichokipenda katika alichoandika, ukamwonyesha kilichopungua, ukamwomba arudi.

Alikuwepo mhariri mmoja tuliyempa jina la Panga, kwa alivyokuwa mwepesi wa kukata. Tunakumbuka siku ulipomwandikia huku ukijisomea kwa sauti jikoni: "Mwanangu, umefuta kwa haki, sikatai. Lakini umemfungia mtu mlango usoni hata habari za asubuhi hukumuuliza. Rudi ukamsalimie." Panga alirudi, akamsalimia. Tangu hapo, kila akikata, alikuwa anakuletea wewe majeruhi.

Jumamosi ulikuwa na darasa lako la kuwafundisha wageni kuandika, katika chumba cha nyuma cha maktaba, chenye feni inayolalamika na meza uliyoitilia karatasi chini ya mguu mmoja. Sheria yako ilikuwa hakuna kumshikia mtu kipanya cha kompyuta. Ulisimama nyuma ya kiti cha mgeni, mikono umeifunga mgongoni, hata pale alipotafuta kitufe cha kuhifadhi kwa muda ambao mwingine angekwisha pika, akala na kuosha vyombo. Akikipata ulipiga makofi. Watu wa chumba cha kusomea upande wa pili walikuwa wanajua kabisa kwamba kuna mtu amehifadhi.

Tena ulikuwa na tabia ambayo hata sisi hatukuielewa. Hukumaliza makala. Kila makala yako ilikuwa na pengo: hapa pamekosa picha, pale pana kichwa cha habari na chini yake hakuna kitu. Kaka mkubwa, unamjua mwanao, anayepanga soksi kwa rangi, alikuwa akikusema: "Mama, kazi gani hii ya nusu nusu?" Nawe ulimjibu bila kuinua macho, "Paache. Pana mwenyewe."

Mmoja wa wenyewe hao alikuwa Bwana Samahani. Mtu mzima wa miraba minne, dereva wa gari la taka, lakini hakuna sentensi aliyoianza bila samahani. Aliwahi kuandika habari za daraja la waenda kwa miguu lililo nyuma ya soko, zikafutwa, akaapa hagusi tena. Ulimtafuta mpaka ukamleta darasani. "Samahani, mama," alikwambia, "mimi mambo ya kuandika yalishanikataa." Ukamjibu, "Walikataa makala, baba. Wewe hakuna aliyekukataa." Ukaiandika upya makala ya daraja pamoja naye, vyanzo na kila kitu, na mahali pa picha ukapaacha patupu. Picha alete yeye, iwe aliyoipiga kwa mkono wake. Akaahidi wiki ijayo, na wiki ijayo nyingine, kwa hofu ya kufokewa tena. Wewe hukumharakisha.

Ndipo ukatutoka.

Kila mtu hulia kwa namna yake, na kaka mkubwa analia kwa kutengeneza vitu. Alichukua likizo, akajifungia chumbani, akafungua makala zako zote na kuziba kila pengo. Penye kukosa picha akaweka picha. Penye kichwa kitupu akajaza aya safi zenye vyanzo. Kwa ajili ya daraja lako aliamka alfajiri na ile kamera yake yenye lenzi ndefu, akalipiga likiwa limetulia tuli, halina mtu hata mmoja. Sote tulimshukuru. Tulisema sasa kazi ya Mama imekamilika.

Dada akalishika darasa. Wageni walikuja, wakavuta viti, wakauliza waanzie wapi, na kila tulipofungua tulikuta pamejaa. Basi tukawasomea sheria. Waliitikia kwa kichwa, wakashukuru sana, wasirudi. Jumamosi moja akaingia Bwana Samahani na shati lililopigwa pasi, simu ameishika kwa mikono miwili. Dada akamfungulia makala ya daraja kwa furaha. Akaitazama ile picha ya kaka kwa muda. "Samahani," akasema, "nimekuta pamejaa." Akaondoka bila kuonyesha alichokuja nacho.

Haikuchukua muda mkutubi naye akaja, amesimama mlangoni kama mtu aliyetumwa. "Chumba kinaombwa na watu wengine," alisema. "Mimi nampenda marehemu. Lakini nikiulizwa juu ya viti vitupu hivi, nitajibu nini?" Tulirudi nyumbani tumenywea. Kitu pekee ulichotuachia, Mama, kilikuwa kinatufia mikononi, na hata mwaka haujaisha.

Jioni hiyo tulibishana jikoni kila mtu na lake. Huyu anataka matangazo, yule anataka kompyuta mpya. Mkweo, mke wa kaka mkubwa, alikuwa anakatakata vitunguu, kimya kama ilivyo kawaida yake. Akaweka kisu chini.

"Siku ya kwanza nilipoingia nyumba hii," alisema, "chakula chote kilikuwa kimeiva. Vitunguu tu ndivyo vilivyokuwa havijakatwa. Mama akanipa kisu akasema, nisaidie hivi, mwenzio macho yananiwasha. Mimi nilikuwa natamani kwetu mpaka kifua kinauma. Nikakata vile vitunguu, nikalia, nikalia mpaka nikamaliza, na hakuna aliyeniuliza nalia nini. Nilipoinuka pale nilikuwa mtu wa nyumba hii." Kisha akamgeukia mumewe. "Wewe umekwenda kukata vitunguu vyote vya Mama."

Kaka mkubwa aliinamisha uso. Ghafla Baba akaanza kucheka, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu mazishi, huku anajifuta macho. "Na chakula chenyewe kilikuwa kimeshaungwa!" alisema. "Vile vitunguu havikuwa na kazi yoyote. Tulivila kesho yake."

Basi kesho yake kaka mkubwa akaiondoa picha yake, akaenda hadi yadi yanakolala magari ya taka, na viatu vyake vile vya kung'aa. Alimkuta Bwana Samahani anaosha gari kwa mpira wa maji.

"Nimeitoa ile picha," akamwambia. "Pale ni pako. Nilikalia kiti cha mtu."

"Samahani, bosi, mbona yako nzuri? Nimeiona. Imetulia."

"Imetulia kwa sababu haina watu. Hebu nione yako."

Bwana Samahani akajifuta mikono kwenye shati, akatoa simu. Kaka anasema ilimbidi aketi kwenye ngazi ya gari la taka, na viatu vyake vyote, asijali.

Picha imekaa upande kidogo. Daraja limejaa watu wenye mizigo yao, na katikati yao, umetupa mgongo, kitambaa chako cha kijani kichwani na mkoba wa darasa begani, ni wewe. Unavuka.

"Ilikuwa Jumamosi yake ya mwisho, tumetoka darasani," Bwana Samahani alimweleza. "Samahani, nilikuwa sijui nilipigeje. Mama akasema daraja bila mtu halijulikani kama ni refu au fupi. Akasema ngoja nipite. Akapita."

Jumamosi iliyofuata aliiweka mwenyewe. Dada alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, na sisi wote tumebanana ukutani hatupumui. Alikitafuta kile kitufe, akakipita, akakirudia. Alipokibonyeza tulipiga makofi mpaka mkutubi akaja mbio. Baba alitaka jina lako liandikwe chini ya picha, tena kwa herufi nene. Bwana Samahani akageuka kwenye kiti, jasho linamtoka. "Samahani, mzee wangu. Pale si mahali pa kumsifu mtu. Ni yeye mwenyewe aliyenifundisha." Kwa hiyo maneno ya chini yanasema tu: waenda kwa miguu wakivuka daraja. Baba alinung'unika njia nzima kwamba ulikuwa mkaidi, na umezalisha wakaidi wenzako. Alifurahi sana, Mama. Tunamjua.

Leo darasa lako lipo. Mkutubi ameanza kutuazima viti vya chumba cha kusomea. Bwana Samahani ndiye anayewapokea wageni, na amejifunza kufunga mikono mgongoni, ingawa kwa kifua kile mikono yenyewe haikutani vizuri. Panga hutuletea majeruhi kama zamani, na siku hizi huwasalimia kwanza. Kaka mkubwa anaandika makala na kuacha mapengo. Anateseka waziwazi, kama mtu anayewashwa aliyekatazwa kujikuna, lakini anayaacha.

Na mgeni wetu mpya kabisa, hutaamini, ni mumeo. Bwana Samahani aliweka katika makala ya daraja kichwa kinachosema "Matengenezo", chini yake hakuna kitu, akatukataza kupagusa. Pana mwenyewe. Baba akakumbuka kuwa enzi za uchomeleaji wake ni yeye na wenzake waliorudishia vyuma vya pembeni vya daraja lile. Akaandika sentensi nzima kwa kidole kimoja. Akaambiwa, "Samahani, mzee, kukumbuka kwako si chanzo."

"Mikono hii hapa!" Baba alifoka. "Nikuonyeshe na kovu?"

"Samahani. Hata kovu si chanzo."

Basi sasa kila siku anaoga mapema, anavaa shati la kutokea, anakwenda maktaba kupekua magazeti ya zamani. Hajaipata habari yenyewe bado. Kila jioni anarudi na habari nyingine kumi ambazo hakuzitafuta, anatusimulia mpaka chakula kinapoa. Dada ameiona ile anayoitafuta Baba, katika gazeti ambalo hajalifikia. Tumekubaliana hatumwambii. Tumefunga mikono mgongoni.

Kikombe chako hakirudi tena kabatini siku za Jumamosi. Baba anakibeba darasani pamoja na chupa ya chai, anakijaza, anakiweka mbele ya kiti kilicho karibu na mlango, na mkutubi, ambaye haruhusu chai maktabani, hutazama pembeni. Akiingia mtu mpya, akasimama pale mlangoni anasoma matangazo ya ukutani, Baba humwambia, "Karibu, sogea, hapa hapaumi." Huyasema kwa sauti yako hasa, na mara ya kwanza tulipoyasikia dada alitoka nje kidogo.

Unakumbukwa na mumeo. Na mwanao mkubwa na mkweo wa vitunguu, kama ulivyokuwa ukimtania. Na binti yako aliyelishika darasa. Na kitinda mimba wako anayeandika haya. Na wajukuu wanaoitambua ile picha hata kwa kitambaa tu. Na dada zako na kaka zako. Na Bwana Samahani, na Panga, na wageni wako wote popote walipo. Mungu aendelee kukupumzisha, Mama Karibu. Maadamu tupo, jina lako halitutoki mdomoni.

Baada ya majina haya tulitaka kujaza nafasi iliyobaki. Tumeiacha. Pana mwenyewe.