Vile Waceke alisikia albamu ya Waithaka

Cate, nimetoka studio saa hii. Si Waithaka alituita Dagoretti Corner tusikie albamu yake kabla itoke? Mimi na bibi yake, Waceke.

Waceke alikuwa na furaha. Mzee amerap miaka yote hii, hatimaye ana albamu mpya.

Halafu ikaingia ngoma moja ya polepole. Waithaka anasema ndani yake ati daktari ameona uvimbe kooni, na mama watoto bado hajui.

Mama watoto bado hajui. Na mama watoto amekaa hapo kwa kochi, anaskiza.

Haron, yule prodyusa, akabaki kuangalia waya zake.

Waceke akauliza polepole, "Hii ni wimbo ama ni ukweli?"

"Ni ukweli," Waithaka akasema. "Nyumbani nilijaribu nikashindwa. Kwa maiki ndio ilitoka."

"Haron, zima."

Ikazimwa. Waceke akamgeukia bwanake. "Sasa niambie bila biti."

Yaani mtu ameshika maiki tangu tukiwa shule, na hapo sentensi moja inamshinda. Alianza, akanyamaza, akaanza tena. Waceke hakumsaidia hata na neno moja. Alingoja tu, hadi akamaliza yote, hata siku ya kurudi hospitali akaitaja.

Ndio akamwambia, "Tutaenda wote."

Wameshika njia ya kuelekea mtaa wa Satellite kwa miguu, wameshikana mikono. Mimi nimechoka, Cate. Hata kulia sijaweza.